KITOTO CHA PAKA KILICHOKATALIWA NA MAMAKE

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Ras Kitau, Manda



Tulipoitwa kuja kuzungumza hapa Ras Kitau tulidhani tutaulizwa juu ya daftari la akiba au juu ya birika la maji ya mvua. Swali lililoletwa lilikuwa jingine kabisa. Paka wa ghala la kikundi kimoja amezaa wanne, na mmoja anamsukuma nje ya pakacha. Kitoto ki hai, kinalia, lakini mama hakitaki. Wengine wamesema kitupwe pwani. Watoto wamekificha. Je, kinaweza kulelewa kwa mkono?

Wapo waliocheka swali liliposomwa. Sisi hatukucheka. Gunia la mahindi likifika hapa limekwisha kulipiwa nauli ya gari na nauli ya mashua. Panya wakilitoboa, hasara si ya mtu mmoja, ni ya kikundi kizima. Na anayekimbilia sumu ya panya ajue kuwa sumu ile haichagui: kuku anaweza kuila, mtoto anayetambaa anaweza kuishika, na paka akimla panya aliyekwisha kunywa sumu naye anaweza kufa. Halafu panya wanarudi bila wa kuwafukuza. Kwa hiyo paka wa ghala ni mali ya kikundi sawa na kufuli ya mlango.

Tena hapa ni Lamu. Paka wa visiwa hivi wamewavutia wageni hata Jack Couffer akaandika kitabu kizima juu yao. Na ndugu zetu Waislamu hawahitaji kufundishwa na sisi. Sahaba Abu Huraira jina lake lenyewe maana yake ni baba wa kitoto cha paka.

Basi turudi kwenye pakacha. Kwanza tujue kama kweli mama amekataa. Paka anayenyonyesha hutoka kwenda kutafuta chakula, na pengine huwahamisha watoto mmoja mmoja, akamwacha wa mwisho kwa muda. Mkiona kitoto kiko peke yake, kimelala kimya na kina joto, kiacheni. Kaeni mbali, mtazame kwa saa moja au mbili. Lakini kama ni cha baridi, kinalia bila kukoma, au mama yupo na anakisukuma, hapo hakuna kungoja.

Wengi huamini kwamba mama hukataa kwa sababu mtu amekishika mtoto kwa mkono. Kwa kawaida sivyo. Sababu zilizo nyingi ni hizi: mama ni mchanga na huu ni uzazi wake wa kwanza, anaumwa, au chuchu zimevimba, anasumbuliwa na watoto na mbwa hata hana raha, au kitoto chenyewe ni dhaifu na kimepoa, naye anahisi hakitaishi. Kikifunguliwa mdomo, tazameni juu ya ulimi. Kama kaakaa limepasuka, maziwa yatatokea puani, na kulea kwa mkono hakutatosha. Huyo ni wa daktari wa mifugo.

Kama kimepoa tu, mara nyingi kukipasha joto na kukirudisha kunatosha. Mama akubembelezwe, alazwe, mmoja wenu amshike kichwa kwa upole, mwingine aweke kitoto kwenye chuchu, kama mnavyofanya na mbuzi mkaidi. Jaribuni mapema, maana maziwa ya siku ya kwanza ndiyo yenye kinga ya maradhi, na baada ya siku moja tumbo la kitoto haliwezi tena kuipokea kinga hiyo. Ikishindikana, ulizeni majirani hata ng'ambo ya Shela kama kuna paka mwingine anayenyonyesha. Sugueni kitoto kwa kitambaa cha pakacha la yule mama wa pili, mkiweke katikati ya wanawe. Mama wa kambo wa namna hii ni bora kuliko sisi wote pamoja na chupa zetu.

Akikosekana, ndipo mkono unaanza kazi. Na hapa ndipo watu wengi wenye huruma wanapoua. Mtu hukuta kitoto kinalia, akakimbilia maziwa. Ngojeni! Kitoto cha paka kilichozaliwa leo kina uzito wa karibu gramu 100, na hakiwezi kujitengenezea joto la kutosha mpaka wiki tatu au nne zipite. Kikiwa cha baridi, tumbo halifanyi kazi. Maziwa hukaa tumboni yakaharibika, au yakapotea njia yakaingia mapafuni. Tia ncha ya kidole kisafi mdomoni mwake. Ukisikia baridi, usitie hata tone la maziwa. Joto kwanza.

Joto la haraka haraka pia ni hatari. Msikiweke karibu na jiko, kuna moto na kuna moshi. Kifungeni ndani ya kanga kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, kwa muda wa saa moja au zaidi. Baadaye tengenezeni kitanda katika kikapu au boksi: nguo kuukuu, na kando yake chupa ya plastiki iliyotiwa maji ya moto na kuvikwa soksi au kitambaa kinene. Chupa ikae upande mmoja tu, ili kitoto kikiona joto limezidi kiweze kujisogeza. Mtasema, bwana, huku pwani kuna joto tele. Mchana, ndiyo. Lakini usiku wa kusi upepo unapopenya makuti, mtu mzima anatafuta shuka. Seuze kiumbe cha gramu 100.

Kitoto kikiwa cha joto lakini hakina nguvu hata ya kulia, mpakeni maji ya sukari kidogo kwenye fizi kwa kidole. Kikianza kulamba, kiko tayari.

Sasa maziwa. Maziwa ya ng'ombe matupu hayamfai mtoto wa paka, yanamharisha, na hayana mafuta wala protini ya kumtosha. Kuna maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka. Mkiweza kuagiza kwa mtu anayetoka Mombasa, hayo ndiyo mazuri. Wakati mnangoja, chukueni nusu kikombe cha maziwa ya mbuzi yasiyochanganywa na maji, yachemsheni, yakipoa kidogo pigeni ndani yake kiini cha yai moja (kiini tu, si ute) na nusu kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia. Huu ni msaada wa siku chache, si chakula cha mwezi. Msiongeze maji, na hasa msiongeze maji ya kisima ya hapa Manda. Chumvi ya maji ya kisiwa hiki mnaijua. Wako wanaosema ndiyo iliyowahamisha watu wa Takwa katika karne ya 17. Kwa kuwa hapa hatuna friji kila nyumba, tengenezeni kidogo kidogo, na yaliyobaki kwenye kikombe myamwage.

Mama mmoja ametuuliza kwa ukali, na ana haki: tumpe paka maziwa, na watoto wetu je? Tukapiga hesabu naye. Kitoto cha gramu 100 kinahitaji kama vijiko vidogo vinne au vitano vya chai kwa siku nzima, usiku na mchana. Hiyo si hata nusu ya kikombe kidogo cha kahawa. Lakini kama katika nyumba hiyo kuna mtoto wa binadamu anayekosa maziwa, sisi tunasema waziwazi kwamba kitoto cha paka kihamie nyumba nyingine. Hatutamlaumu mama huyo hata kidogo.

Vijiko hivyo vigawanywe mara nane, kila baada ya saa tatu, usiku pia. Tumieni bomba dogo la sindano lililo jipya, bila sindano yake, la kununua duka la dawa kwa bei ndogo. Kitoto kilale kifudifudi juu ya kitambaa, miguu chini, kichwa kimeinuka kidogo, kama kinavyonyonya kwa mamake. Msikilaze chali kama mtoto mchanga wa watu. Tunarudia: msikilaze chali. Maziwa yakiingia mapafuni ni homa ya mapafu, na mara nyingi ndio mwisho. Toeni tone baada ya tone, kimeze, mngoje. Maziwa yakitoka puani, simamisheni, muinamishe kichwa, mfute. Tumbo likiwa la mviringo lakini bado laini, kimeshiba. Lisiwe gumu kama ngoma.

Kuna jambo ambalo watu hawalijui, nalo limeua vitoto vingi vilivyoshibishwa vizuri. Kitoto kichanga hakiwezi kukojoa wala kunya chenyewe. Mama huwalamba wanawe chini ya mkia, ndipo wanatoka haja. Ninyi hamtalamba, bila shaka. Chukueni pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu, msugue polepole hapo mahali baada ya kila chakula mpaka mkojo utoke. Fanyeni hivyo kwa wiki tatu hivi, mpaka kianze kwenda chenyewe.

Mwenye mizani ya jikoni au ya duka inayosoma gramu aitoe. Pimeni kila siku saa ile ile, mwandike nyuma ya daftari la kikundi. Kitoto kinachoendelea vizuri huongeza gramu 10 au zaidi kwa siku. Siku moja bila kuongeza, chunguzeni joto na maziwa. Kikianza kupungua, pelekeni habari kwa afisa wa mifugo, msingoje Ijumaa. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Msiyafungue kwa vidole.

Na nani ataamka saa nane za usiku? Hili tumelikuta katika vikundi vingi, si kwa paka tu. Wazee wakikubaliana katika mkutano, kazi inaangukia binti wa miaka 12, na asubuhi yuko darasani anasinzia. Hatukubali. Kama paka ni wa kikundi, zamu ni za kikundi, wanaume nao wamo. Mvuvi anayeamka alfajiri kufuata maji anaweza kutoa bomba moja la maziwa kabla hajashika kafi. Kikundi kisichoweza kupanga zamu nane kiseme mapema, kimpe jirani mwenye nafasi.

Mengine kwa haraka. Msimpe paka panadol, hata robo, inamuua. Msimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe wala dawa ya viroboto ya mbwa, nyingi ni sumu kwa paka. Viroboto watolewe kwa chanuo lenye meno membamba, na kitoto kikilowa kikaushwe mara moja. Dawa ya minyoo ni ya kuuliza kwa mtaalamu, kwa sababu kipimo hufuata uzito. Kila mtu anawe mikono kwa sabuni kabla na baada, na mama mjamzito asishike kinyesi cha paka. Mtu akiumwa na paka au mbwa asiyejulikana, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza. Nchi yetu imejiwekea mpango wa kukimaliza kwa wanadamu kuanzia 2014 hadi 2030, na paka naye huchanjwa akifika miezi mitatu.

Kikifika wiki nne, kianze kulamba samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba yote. Hata kabla ya hapo, kikipata nguvu, kiwekwe mchana na ndugu zake kama mama hamfokei. Paka aliyelelewa na watu peke yao hukaa jikoni akingoja sahani. Mkitaka mlinzi wa ghala, akae na wanaomfundisha kuwinda.

Na msiache huyu mama akazaa kila mara. Mimba ya paka ni miezi miwili na siku chache, na jike anaweza kushika mimba angali na miezi mitano hivi. Ghala moja halihitaji paka 15. Mtaalamu wa mifugo akiulizwa juu ya kufunga uzazi, kikundi kichange gharama kama kinavyochanga za kufuli.

Tutasema ukweli pia: vitoto vingi vinavyokataliwa siku ya kwanza hufa, hata penye zamu nzuri na mizani. Watoto walioficha hiki waambiwe hivyo leo, na wazazi wao, si siku kikifa. Kikifa, kizikwe ndani kiasi cha mbwa kutofukua, na watoto wawepo.

Kitoto chenyewe kimeletwa, kiko kwenye kikapu cha mama mweka hazina, na asubuhi kimepima gramu 92. Maji hayajajaa, mashua yetu bado. Anayetaka kujifunza kushika bomba asogee hapa kivulini, wanaume watangulie.