Wimbo Usikike, na Mtunzi Ajulikane
Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Adhimisho la Jubilei ya Miaka 25



Baba Paroko, mapadre na masista mlio nasi, mlezi wa kwaya, mwenyekiti wa baraza la parokia, kwaya wageni kutoka vigango vyetu na parokia jirani, wazazi wetu, na wanakwaya wenzetu: tunawasalimu nyote kwa furaha ya Jubilei.

Mwenyekiti wetu ameeleza tulikotoka. Ofisi ya katibu imepewa kazi ya kueleza tunakoelekea na nyimbo zetu: namna ya kuzifikisha redioni, namna ya kuziuza, na namna ya kuhakikisha kwamba kitakachopatikana kinamfikia anayestahili. Albamu ya Jubilei yenye nyimbo 10 imeshatoka studio. Na kila tulipopita jumuiya kwa jumuiya mwaka huu, swali lilikuwa lile lile: "Tulichanga, basi tutazisikia lini redioni?" Ni swali la haki. Waliochanga ni akina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda, walimu na wakulima. Wanastahili jibu kamili.

Tuanze na jambo ambalo wengi wenu mnalijua. Mwalimu wetu wa kwanza, apumzike kwa amani, alituachia nyimbo zaidi ya 20. Wimbo wake mmoja wa matoleo umeshavuka mipaka ya jimbo letu. Mwaka huu tumeusikia redioni mara tatu, ukiimbwa na kwaya nyingine, na kila mara mtangazaji alisema mtunzi hajulikani. Hatusemi haya ili kuilaumu kwaya yoyote. Wimbo wa kanisa hutungwa uimbwe, na mwalimu mwenyewe angefurahi kuusikia. Lakini nakala zilipita mikono mingi na jina likadondoka njiani. Mjane wake, ambaye kwetu sote ni Mama, ameketi nasi hapa leo. Hajawahi kutuomba chochote. Katika albamu hii ya Jubilei, nyimbo nne ni za mumewe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza redio itatucheza lini, tumeona tuulize kwanza: wimbo ukichezwa, utachezwa kwa jina la nani?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wimbo nao ni mali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema hivyo. Haki ya mtunzi huanza pale wimbo unapoandikwa au kurekodiwa, na hudumu maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Maana yake ni kwamba haki za mwalimu wetu zingali hai, na familia yake ndiyo yenye kauli juu ya nyimbo zile. Rekodi yenyewe ina haki yake tofauti, na hiyo ni ya aliyegharamia na kupanga kazi ya kurekodi, labda mkataba useme vinginevyo. Ndiyo maana kamati ilitia saini karatasi na studio kabla ya kipaza sauti cha kwanza kuwashwa. Karatasi hiyo inasema rekodi ni mali ya kwaya, na kwamba prodyusa amelipwa kazi yake yote. Faili asilia tumezihifadhi katika diski mbili, moja katika ofisi ya parokia na nyingine kwa mweka hazina.

Kwa kwaya wageni mnaotaka kurekodi, tunawashauri muwe na karatasi ya kila wimbo. Andikeni jina la wimbo, aliyetunga maneno, aliyetunga sauti, aliyepanga sauti nne, waliopiga ala, na tarehe. Kama wimbo ni wa zamani na mmeupanga upya, andikeni hivyo. Kisha sajilini kazi hiyo kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, yaani KECOBO, ambayo hupokea maombi kwa njia ya mtandao. Haki haitokani na usajili, lakini siku ya ubishi cheti ni shahidi asiyesahau.

Sasa tuje kwa redio. Wimbo ukichezwa hewani, watu wa aina tatu wanastahili mirabaha: mtunzi, waimbaji na wapiga ala, na mwenye rekodi. Kwa miaka mingi hapa Kenya watunzi wamekuwa wakijiandikisha na MCSK, waimbaji na wapiga ala na PRISK, na wenye rekodi na KAMP. Vyama vya namna hii hufanya kazi kwa leseni ya KECOBO, na mambo ya leseni hubadilika. Kabla ya kujaza fomu, ulizeni KECOBO ni chama gani kina leseni mwaka huo. Wimbo usioandikishwa unaweza kuchezwa asubuhi hadi jioni na fedha zake zisijue nyumba ya kuingia.

Kumfikia mtangazaji si uchawi, ni utaratibu. Jambo la kwanza ni kuchagua wimbo mmoja. Ukimpelekea nyimbo 10, umempa kazi ya kuchagua, na mtu mwenye shughuli nyingi huahirisha kazi hiyo. Jambo la pili ni urefu. Sisi wanakwaya tunapenda wimbo wa dakika saba, wenye utangulizi mrefu wa kinanda na kiitikio kinachorudiwa mpaka waumini wote wamekaa. Kanisani ni sawa. Redioni mtangazaji ana dakika chache kati ya tangazo na taarifa ya habari. Kwa hiyo tumetengeneza toleo fupi la redio kwa nyimbo tatu, lisilozidi dakika nne, na sauti za waimbaji zinaingia mapema.

Jambo la tatu ni faili. Litumwe likiwa safi, la WAV au MP3 ya ubora wa juu, lisiwe lile lililopita WhatsApp mara kumi. Na lisiitwe "Wimbo wa 3 mwisho kabisa". Liandikwe jina la wimbo, jina la kwaya na jina la mtunzi. Kila rekodi pia iwe na nambari ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo ni kama kitambulisho chake popote duniani. Jambo la nne ni ukurasa mmoja wa maelezo: kwaya ni ya wapi, wimbo unahusu nini, unafaa majira gani ya kanisa, na nambari ya simu ya mtu mmoja atakayepokea. Wimbo wa Majilio ufike stesheni mwezi wa Oktoba. Ukifika wiki ya Krismasi, ratiba imeshajaa.

Tupeleke wapi? Tuanze na wanaotafuta nyimbo za namna yetu: Radio Waumini, Radio Maria na stesheni za majimbo. Kisha twende kwa vipindi vya Jumapili asubuhi vya stesheni za Kiswahili kama KBC Radio Taifa, na kwa stesheni za lugha za mama, kwa maana nyimbo mbili za albamu hii si za Kiswahili. Mtu apelekwe aende mwenyewe ikiwezekana, akiwa amevaa vizuri na akiwa na adabu. Baada ya wiki mbili apige simu kuuliza, si wakati kipindi kiko hewani. Na wimbo ukichezwa, tushukuru. Watangazaji hupokea maombi mengi kuliko asante.

Kuna wanaosema bila "chai" wimbo hauchezwi. Msimamo wa kamati ni kwamba hatutatoa. Sheria inaitaka redio ilipie muziki, haiutaki muziki uilipie redio. Na fedha ya sadaka ya mama wa sokoni haitapita chini ya meza ya mtu yeyote.

Hapa ndipo tunapowahitaji ninyi. Kila jumuiya imeteua msikilizaji mmoja mwenye daftari. Akisikia wimbo wetu, anaandika tarehe, saa, stesheni na kipindi, kisha analeta kwa katibu kila mwisho wa mwezi. Orodha hiyo ndiyo tutakayoshika mkononi tukiulizia mirabaha. Na mkitaka wimbo urudiwe, pigeni simu au tumeni ujumbe kipindini kama wasikilizaji, kwa unyoofu. Watu 20 kutoka mitaa tofauti wakiomba wimbo katika wiki moja, mtangazaji atausikiliza tena.

Upande wa kuuza, dunia imegeuka. Kwaya hii ilipoanza, kaseti zilikuwa bado sokoni, na mwenye ndoto ya kurekodi alipanda basi kwenda River Road, Nairobi. Kwaya za Tanzania kama AIC Chang'ombe na Mapigano ya Ulyankulu ziliingia nyumbani mwetu kwa kaseti hizo. Zikaja CD, nazo zimepita. Leo redio nyingi za nyumbani na za matatu zina tundu la flashi. Kwa hiyo albamu yetu inauzwa kwa flashi, ikiwa na nyimbo zote 10, maneno yake, na nota za sauti nne kwa walimu wa kwaya. Wanakwaya tuko 40. Kila mmoja akiuza flashi tano, ni flashi 200, bila duka wala wakala. Malipo yote yanaingia katika nambari ya M-Pesa ya kwaya. Hakuna anayeruhusiwa kupokea kwa simu yake binafsi, hata mweka hazina, hata katibu.

Njia ya pili ni Skiza, ule wimbo anaousikia mtu anayekupigia simu. Wimbo huwekwa huko kupitia kampuni yenye kibali, hupewa nambari, na mteja hutuma ujumbe kwenda 811. Kabla ya kutia saini na kampuni yoyote, someni mgawanyo. Sheria yetu imeweka kwamba mwenye kazi asipate chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito hii. Mkiletewa karatasi yenye kiasi cha chini ya hapo, rudisheni.

Njia ya tatu ni mtandao. Msambazaji wa kidijitali anaweza kuziweka nyimbo Boomplay, Spotify, Apple Music na kwingineko kwa mara moja. Malipo ya kila mchezo ni kidogo sana, basi tusihesabu vifaranga kabla ya mayai kuanguliwa. YouTube nayo huanza kugawana fedha za matangazo na chaneli iliyofikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini chaneli iwe ya kwaya. Ifunguliwe kwa barua pepe ya kwaya, na nywila ijulikane na maofisa watatu. Mwanakwaya akihamia parokia nyingine, tumwage kwa keki, asiondoke na chaneli.

Sasa tufike kwenye mgawanyo, kwa sababu kwaya nyingi hazivunjwi na umaskini, huvunjwa na fedha za kwanza. Kamati inapendekeza hivi. Mauzo ya mwanzo yarudishe gharama za kurekodi, na hesabu ibandikwe ubaoni nje ya kanisa. Baada ya hapo, mapato ya mauzo ya kila wimbo yagawanywe mara tatu sawasawa: sehemu moja ya mtunzi, sehemu moja ya mfuko wa kwaya, na sehemu moja ya karo ya watoto wahitaji wa parokia. Mirabaha ya redio ifuate watu wanaotajwa na sheria. Kwa zile nyimbo nne za mwalimu wetu, sehemu ya mtunzi iende kwa familia yake, kwa mkataba ulioandikwa, na mirabaha yake ya utunzi iandikishwe kwa jina la warithi. Si msaada. Ni haki yao.

Mapendekezo haya yatapigiwa kura katika mkutano mkuu wa kwaya Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili. Tunawaomba wanakwaya wote mfike, pamoja na wale waliostaafu kuimba, maana sauti zenu zimo katika miaka 25 hii. Kura ikipita, karatasi za nyimbo zile nne zitapelekwa kusajiliwa kabla ya nakala ya kwanza kutumwa redioni. Tukitangulia kutuma na kuandika baadaye, tutakuwa tumemsikilizisha kila mtu na bado mtangazaji aseme mtunzi hajulikani.

Mama, tunakushukuru kwa kukubali kukaa na kamati na kututafutia madaftari ya mwalimu. Yako salama. Kila wimbo umenakiliwa na jina lake liko juu.

Kwaya wageni, nakala ya karatasi ya wimbo tuliyoitaja imo ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Ichukueni, mwige, mboreshe. Meza ya flashi iko karibu na groto ya Mama Maria, na daftari la wanunuzi liko pale pale, kila mmoja aandikiwe risiti.

Mungu awabariki, na awape sauti njema kwa miaka mingine 25.

Tumsifu Yesu Kristu.