Anayeuona Mtungi Mtupu
Hotuba ya mgeni rasmi katika sherehe za Vesak na uzinduzi wa zoezi la kuchangia damu, Dar es Salaam

  

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Ayubowan. Hilo la tatu nimefundishwa getini na kijana mmoja, akanirudisha mara nne mpaka likakaa. Naona mmeitika, basi nimefaulu.

Mshereheshaji amesoma wasifu wangu kwa ukarimu mkubwa. Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Tanga, niliyelelewa chuoni kwa maalim. Sikuja kuwafundisha Wabuddha dini yao. Hiyo itakuwa sawa na kwenda Pemba kuuza karafuu. Wenzetu hawa hawakuja jana. Wasinhala kutoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, walikuwa wameshaweka makazi mjini hapa kabla wengi wetu humu ukumbini hatujazaliwa, na hekalu lao la Upanga ni miongoni mwa mahekalu ya zamani ya Kibuddha barani Afrika. Sisi wapita njia tumezoea kuuona mti wa hekalu hilo tukaendelea na safari.

Barua yenu ya mwaliko ilinipa mada: huruma na kufanya kazi pamoja. Mkaniambatanishia na vitabu viwili vya visa vya Buddha. Nimevisoma vyote, maana mstaafu ana nafasi. Nilitegemea kukuta mambo ya mbinguni. Nikakuta choo, kata ya maji, mtungi, mgonjwa wa kuhara, na watu wasiosemeshana. Nikasema moyoni, haya mbona nayajua? Hii ni wodi.

Ndugu wageni waalikwa, kisa cha kwanza ni cha Kosambi, mji wa India kando ya mto Yamuna, yapata miaka 2,500 iliyopita. Walikaa hapo watawa wengi, na wakubwa wao walikuwa wawili: mmoja bingwa wa mafundisho, mwingine bingwa wa kanuni. Siku moja bingwa wa mafundisho katoka msalani, kaacha maji kidogo katika chombo. Kwa kanuni zao hilo ni kosa. Mwenzake akamwambia. Akajibu, kama ni kosa niko tayari kukiri. Akaambiwa, kama hukukusudia, basi si kosa. Yakaisha.

Kumbe hayakuisha. Bingwa wa kanuni alipofika kwa wanafunzi wake akawaambia kwamba fulani ametenda kosa na wala hajijui. Wanafunzi wakayachukua maneno, wakayafikisha upande wa pili yakiwa yameshaongezwa chumvi. Upande wa pili nao wakajibu: jana halikuwa kosa, leo limekuwa kosa, basi mwongo ni yeye. Jumuiya nzima ikapasuka vipande viwili kwa sababu ya maji yasiyofika hata nusu kata. Buddha akawasihi waache. Wakamjibu kwa adabu zote kwamba yeye apumzike, ugomvi huu wataumaliza wenyewe. Akachukua bakuli lake na joho lake, akaondoka peke yake.

Mnajua kilichowapatanisha? Waumini wa mjini waliacha kuwaamkia na kuwapa chakula. Njaa ikafanya kazi iliyoyashinda mawaidha.

Huko alikokwenda, Buddha alifika kwenye bustani moja ya msitu. Mlinzi akamzuia: usiingie, humu kuna watu watatu wametulia, usiwasumbue. Hakumjua anayemzuia. Mmoja wa hao watatu, Anuruddha, akasikia, akaja mbio kumwambia mlinzi amruhusu, huyo ni mwalimu wetu. Wenzake waliitwa Nandiya na Kimbila. Buddha akawauliza wanaishije. Wakamjibu kwamba wameshikana kama maziwa na maji. Akataka kujua: kwa vipi?

Hapo ndipo nilipovua miwani nikaifuta. Sikukuta jibu la falsafa. Walisema hivi: anayetangulia kurudi na chakula ndiye anayetandika mahali pa kukaa na kuteka maji. Anayerudi mwisho ndiye anayesafisha na kufagia. Na anayeuona mtungi wa maji ni mtupu, awe wa kunywa, wa kunawia au wa msalani, ndiye anayeujaza. Ukimshinda uzito, humpungia mwenzake mkono, wakaubeba wawili bila neno.

Tazameni vizuri, mabibi na mabwana. Kosambi palikuwa na chombo cha maji chooni, na huku kwa watawa watatu palikuwa na chombo cha maji chooni. Chombo ni kilekile. Kosambi waliuliza, nani kakiacha hivi? Hawa watatu hawakuuliza. Walioona walijaza.

Sasa naomba niungame mbele yenu. Katika mwaka wangu wa tatu kazini, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, niliingia zamu ya usiku. Kiasi cha saa nane mgonjwa wa pumu akabanwa. Nikavuta mtungi wa oksijeni, nikakaza spana, nikafungua. Mshale wa geji haukutikisika. Mtungi mtupu, na daftari la ripoti halikusema kitu. Mhudumu wetu wa wodi, mama mtu mzima, alikwenda mbio chumba cha upasuaji akarudi anauvuta mtungi mwingine, magurudumu yanapiga kelele korido nzima. Mgonjwa alipona, Alhamdulillahi.

Asubuhi nikamsubiri mwenzangu wa zamu ya mchana. Nilimsema mbele ya wagonjwa, mbele ya wanafunzi, mpaka mbele ya muuza maandazi. Kwa wiki tatu hatukusemeshana. Tulikuwa tunakabidhiana wodi kwa maandishi, kama nchi mbili zilizofunga mpaka. Nilikuwa na haki, na haki yangu hiyo nikaifanya chakula changu cha kila siku. Wanafunzi wauguzi nao wakagawanyika, hawa wa huyu na hawa wa yule. Kosambi ndogo, ndani ya wodi ya vitanda 32.

Muda huo wote mitungi haikuwa mitupu tena. Sikujiuliza kwa nini. Siku moja niliwahi kufika, nikamkuta yule mama mhudumu ameinama, anafungua geji ya kila mtungi, anasoma, anaandika kwa chaki ubavuni: huu umejaa, huu nusu, huu upelekwe. Haikuwa kazi yake, na hakuwa na cheo cha kumtuma mtu. Nikamuuliza nani amemwagiza. Akanijibu, "Mwanangu, nyie mmegombana, mgonjwa hakugombana na mtu."

Na ili mjue kwamba Mungu ana njia zake, mwezi haukwisha nikaacha mtungi mtupu mimi mwenyewe. Mwenzangu aliyeukuta akaubadilisha, wala hakuniambia. Nilikuja kusikia kwa watu. Jioni ile nikamfuata tukanywa chai.

Ndiyo maana nasema kwamba huruma ya kumwonea mgonjwa tusiyemjua ni nyepesi. Anakuja, anateseka, tunamsikitikia, anaruhusiwa anakwenda. Huruma nzito ni ya kumwonea yule tunayefanya naye kazi kila siku, anayejua makosa yetu nasi tunajua yake. Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao. Lakini kupatana kunachelewa pale kila mmoja anapomsubiri mwenzake aanze kuujaza mtungi.

Kuna kisa kingine kifupi, na hiki wauguzi waliomo humu watanielewa. Mtawa mmoja aliugua kuhara akalala katika uchafu wake, hana wa kumwangalia. Buddha akipita na mwanafunzi wake Ananda wakamkuta. Akauliza, mbona wenzako hawakuhudumii? Mgonjwa akajibu kwamba yeye hana analowafaa wenzake. Buddha akamtuma Ananda maji. Buddha akamimina, Ananda akaosha. Kisha Buddha akashika upande wa kichwa, Ananda upande wa miguu, wakamwinua wakamlaza kitandani. Baadaye akawaambia watawa kwamba anayetaka kumhudumia yeye, na amhudumie mgonjwa.

Kila mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kuwa mgonjwa hoi hainuliwi na mtu mmoja. Kichwa na miguu. Hata huyo mwalimu mkuu alihitaji wa kushika miguu.

Ndugu zangu, haya si ya vitabuni peke yake. Mwaka 1958, huko Sri Lanka, mwalimu kijana wa Chuo cha Nalanda mjini Colombo, A. T. Ariyaratne, aliwachukua wanafunzi wake akawapeleka Kanatoluwa, kijiji cha watu wa tabaka lililodharauliwa, ambao wengine waliona unajisi hata kukaa nao. Watoto wa mjini walichimba, wakala na kulala na wenyeji. Kazi hiyo waliiita shramadana, yaani sadaka ya jasho. Ikazaa vuguvugu la Sarvodaya lililoenea katika maelfu ya vijiji. Kauli mbiu yao ni kwamba watu wanaijenga barabara, na barabara inawajenga watu. Wapare waliomo humu watasema, kwani huo si msaragambo? Ni ndugu yake kabisa.

Buddha alitaja mambo manne yanayowashikamanisha watu, akayafananisha na pini inayolizuia gurudumu la gari lisichomoke. Kutoa. Kauli njema. Kumfaa mwenzio. Na la nne, kujiweka sawa naye. Matatu ya kwanza tunayapenda, maana yanatufanya tuonekane wema. La nne ndilo linalouma. Daktari bingwa asukume kitanda. Mwenyekiti akunje viti baada ya mkutano. Mgeni rasmi naye, nitakapoteremka hapa, asipelekwe kwenye meza yenye soda wakati wengine wamepanga foleni.

Hapo tumefika kwenye lililotukutanisha. Wabuddha wa Sri Lanka husherehekea Vesak, sikukuu ya mwezi mpevu wa Mei, kwa kulisha wapita njia bure na kwa kuchangia damu. Wenzetu wameamua kuifanya hapa nasi majirani tukakaribishwa. Mimi damu naifahamu. Mfuko mmoja wa damu nzima una mililita kama 450, na kwenye jokofu hudumu siku 35 tu. Damu haiwekwi akiba ya mwaka mzima. Benki ya damu ni mtungi unaopungua kila siku: kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, kwa mtoto wa malaria kali, kwa kijana wa bodaboda. Hakuna kiwanda cha kuujaza isipokuwa mikono yetu, mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Na uzuri wake ni kwamba anayepokea hatauliza aliyetoa ni wa hekaluni, wa msikitini au wa kanisani. Atauliza tu kama kundi linaoana.

Ombi langu ni dogo. Mkirudi kazini Jumatatu, msiende kuhubiri umoja. Tafuteni mtungi mtupu. Kila ofisi inao: karatasi zimekwisha kwenye mashine, mwenzenu mgeni anakula peke yake, wawili hawasemeshani tangu Januari. Jazeni, nyamazeni. Ukiwazidi uzito, mpungieni mtu mkono.

Umri wangu haunipi tena ruhusa ya kutoa damu. Lakini nilipokuwa naingia nimeona pale mlangoni ndoo ya maji ya kunywa ya wachangiaji imebaki robo, na foleni ndiyo kwanza inaanza. Sikuuliza ni kazi ya nani. Natafuta mmoja tu wa kunishikia upande wa pili.

Baada ya kusema hayo, natamka rasmi kwamba zoezi la kuchangia damu limezinduliwa.