Kupima Kazi ya Mashimo ya Kutulizia Maji ya Barabara



Tumeitwa kusema juu ya maji ya mvua yatokayo barabarani, nasi tumekubali kwa furaha, maana jambo hili hutufikia mezani kwa njia ya hati na hesabu. Hapa Itigi mvua ni ya msimu mmoja. Tangu Mei hata Oktoba hainyeshi, au ikinyesha ni manyunyu. Miezi yote hiyo lami ya barabara ya Manyoni hukusanya vumbi, matone ya mafuta, na unga wa matairi na breki wenye zinki na shaba. Mvua ya kwanza hufagia yote na kuyapeleka bondeni, na mtu mwenye shida ya maji hachagui dimbwi.

Dawa yake ni shimo la kutulizia tope, au mtaro wenye nyasi, au tabaka la mchanga. Je, twajuaje kama vyafaa? Mwenye kuvijenga hutuletea karatasi: huondoa themanini kwa mia. Tusitie muhuri upesi. Ikiwa lita moja ya maji yaingiayo ina miligramu 1,000 za tope, na yatokayo 200, hiyo kweli ni 80 kwa mia. Shimo jingine likipokea 50 na kutoa 30, ni 40 kwa mia tu. Lakini ni maji yapi mngependa kuyanywa? Basi tuulize kilichobaki, si kilichoondoka peke yake.

Tuulize pia chupa zilijazwa lini. Maji ya mwanzo aghalabu ndiyo machafu kupita yote. Mtu akijaza chupa ya kuingilia mvua ianzapo, na ya kutokea mvua ikatikapo, hata shimo bovu litasifiwa. Yapasa kuchota pande zote mbili, kila kiasi fulani cha maji kipitapo, kwa mvua nyingi, kubwa na ndogo. Tena tope si yote: zinki iliyoyeyuka haitui shimoni hata ikingojewa. Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba kitu kitokacho katika matairi ndicho kilichokuwa kikiua samaki wa salmoni katika vijito vya jimbo la Washington.

Lililo kubwa kwetu makarani ni daftari. Shimo lililojaa tope halitulizi kitu. Mvua kali hulikoroga, yakatoka maji machafu kuliko yaliyoingia. Nasi tumeona hati zenye tarehe ya kuchimbwa shimo, lakini siku ya kuzoa tope haikuandikwa popote. Twaomba safu ya tarehe hiyo iongezwe kabla ya Desemba, na jina la mwenye zamu liandikwe kando yake.