KAMBI HUANZA DARASANI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Sekei, Arusha)



Neno letu ni moja, nalo ni hili: mtoto mdogo yafaa afundishwe kupiga kambi angali darasani, kabla hajapelekwa mlimani. Tulijifunza neno hili kwa makosa yetu wenyewe, basi ni haki tuanze kwa kuyakiri.

Siku moja sisi walimu na wazazi tuliwachukua watoto wa miaka saba na minane, tukaenda kulala nao usiku mmoja chini ya mlima Meru. Mahema tulikuwa nayo, na chakula tele. Walakini hema moja tulilipiga katika kibonde, maana palikuwa na nyasi laini. Usiku mvua ikanyesha, maji yakafuata njia yake ya siku zote, yakapita katikati ya malazi. Katika ghasia ile mtoto mmoja akatoka kwenda haja, asimwambie mtu. Tulimtafuta kwa taa karibu saa nzima, tukamkuta amejikunyata chini ya mti. Hakuumia. Tulipomwuliza kwa nini hakuita, alijibu, "Sikujua kama naruhusiwa kuita." Jibu lile lilitushitaki sisi, si yeye.

Tangu hapo twafundisha mambo matano darasani kwanza.

La kwanza ni mzigo. Kila mtoto huleta vitu anavyodhani vyafaa safarini, akavifunga, akazunguka uwanja navyo mara mbili. Aliyeleta sufuria ya mamaye na mto wa kulalia huvipunguza mwenyewe bila kuambiwa. Walio wakubwa kidogo hupewa hesabu: mji wa Arusha uko kadiri ya meta 1,400 juu ya bahari, na Miriakamba, walalapo wapandao Meru usiku wa kwanza, ni kadiri ya meta 2,500. Katika kila meta 1,000 za kupanda, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Hapo hutambua kwamba sweta si urembo.

La pili ni mahali. Twafinyanga mlima na mabonde kwa udongo juu ya bati, na kila mtoto huweka kiberiti kitupu mahali apendapo pawe hema lake. Kisha twanyunyiza maji kwa kopo lililotobolewa. Mtoto aliyeona kiberiti chake kikichukuliwa na maji hahitaji maneno mengi.

La tatu ni hema lenyewe. Madawati mawili, kamba na shuka kuukuu vyatosha. Hapo hujifunza fundo lishikalo imara lakini lifunguke upesi, tena hujifunza kwamba mmoja hawezi kuvuta pande zote mbili.

La nne ni moto. Twapanga mafiga matatu na vijiti, wala hatuwashi. Watoto hujifunza kutokimbia karibu nao, na kwamba moto haujazimika mpaka majivu yawe baridi kabisa. Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliunguza mimea mingi ya Kilimanjaro, na wakuu wa hifadhi walieleza siku zile kwamba ulianza kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Kama watu wazima waweza kukosea, je, mtoto asiyefundishwa?

La tano ni usiku. Twafunga madirisha, watoto wakalala chini juu ya mikeka, na mwalimu huiga sauti za bundi, za fisi na za perere. Huyu perere akaa mitini katika misitu ya mlima, na mwili wake ni kadiri ya sungura tu, lakini kilio chake gizani chaweza kumtisha mtu mzima. Kisha twawapa sheria mbili: asitoke mtu peke yake, na kila mmoja ana ruhusa ya kuita. Nao huita, mmoja mmoja, kwa sauti kuu, hata aliye mwenye haya kuliko wote.

Twajua wako wazazi wasemao, "Kambi ni mambo ya wageni. Hatukumpeleka mtoto shule ajifunze kulala majanini." Twawaelewa, maana kila siku watoto wa Arusha huona magari ya watalii yakipita na mahema juu yake. Lakini tukumbuke wapagazi wa misafara ya karne ya 19, waliokwenda miezi mingi kutoka pwani hata Tabora na Ujiji. Walijua kuchagua mahali penye maji, kujenga boma la miiba, na kugawana chungu kimoja. Wavuvi wa pwani nao wana dago zao mpaka leo. Na mababu wa watu wengi wa hapa walilala machungani wakiwa wadogo. Elimu hii si ngeni kwetu, ila sisi tulioketi mezani na kalamu tumeacha kuirithisha, na watoto wetu hawana ng'ombe wa kuwafundisha.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, hatuombi fedha. Twaomba kila nyumba itoe shuka moja kuukuu na kamba, tena baba au mama aje alasiri moja ya Jumamosi, aketi chini ya hema la madawati pamoja na mwanawe, amweleze jinsi alivyolala nje yeye mwenyewe alipokuwa mdogo. Wala msione haya kuketi sakafuni. Mlima tutakwenda baadaye, wakiwa tayari.