Ukimya wa Zakaria



Leo, 24 Juni, Kanisa linaadhimisha kuzaliwa kwake Yohane Mbatizaji. Baba yake, Zakaria, alikuwa bubu tangu siku ile hekaluni aliposita kusadiki. Mtoto alipopewa jina, ndipo ulimi wake ukafunguka, akamsifu Mungu.

Namkumbuka mama mmoja, mwanakwaya. Katika juma la jubilei ya miaka 50 ya ndoa ya wazazi wake, sauti ilimkauka kwa mazoezi ya usiku. Baba yake, ambaye alikwisha kupofuka, alikuwa ameomba zawadi moja tu: amsikie binti yake akiimba. Mama yule akatafuna tangawizi, akawa ananong'ona, akidhani anaiponya. Muuguzi wa zahanati akamkataza hata kunong'ona, maana nako huzichosha nyuzi za sauti zilizovimba. Anyamaze, anywe maji mara kwa mara, akae mbali na moshi wa jikoni. (Nanyi, ndugu zangu, sauti ikikwaruza zaidi ya majuma matatu, msingoje, mwoneni daktari.)

Siku nne akaandika haja zake katika daftari la mtoto, kama Zakaria kibaoni. Kwa baba yake daftari halikufaa kitu. Alimshika mkono tu. Naye mzee, asiyekatizwa na mtu, akamsimulia habari za kifungua mimba wao, waliyemzika kabla binti huyu hajazaliwa. Hakuwa amepata kuzisikia.

Jumamosi sauti ilirudi nusu. Akaiacha sauti ya kwanza kwa wenzake, akaimba ya pili, taratibu, kando ya kiti cha mzee.