Tumempa Kalamu. Je, Tumempa Nauli?

(Maneno tuliyosema mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kitengela)

 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi. Tunataka tuongee juu ya wale vijana mliowachagua wajifunze uandishi wa habari, ili mambo ya vijiji vyetu yasiandikwe na wageni peke yao. Mafunzo wanapata. Kuuliza maswali wanajua. Shida yao ni kumfikia mtu wa kuulizwa.

Hebu tuwaeleze lililotupata. Tulimtuma msichana mmoja afuatilie habari ya kisima cha akina mama upande wa Isinya, kilichokuwa kimeharibika. Afisa wa kuulizwa alikuwa mjini Kajiado, na kutoka hapa Kitengela ni kama kilomita 50. Akaambiwa afike saa nne asubuhi. Saa mbili tayari yuko steji. Lakini matatu haina saa, huondoka ikijaa. Alipofika ilikuwa saa nne na nusu, na afisa ameshatoka. Akarudi siku nyingine, akaambiwa, "Yuko mkutanoni." Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure. Ni kweli, lakini mwenda bure mara mbili huishiwa na nauli.

Mara ya tatu akapewa lifti. Mwenye gari alikuwa na maneno matamu, akamnunulia na chakula. Kumbe ndiye aliyekuwa akivutana na akina mama juu ya ardhi ya kisima. Jioni akina mama wakamwona msichana akishuka katika gari lile. Kesho yake alipokwenda kwao na daftari, hakuna aliyefungua mdomo. Habari ikafa pale pale.

Sisi tulikuwa wa kwanza kumlaumu. Baadaye tukajiuliza: ni nani aliyemtuma mtoto wa watu safari tatu kwa nauli ya safari moja? Ni sisi. Tulimpa kalamu, nauli tukamwachia Mungu. Na anayelipa nauli ndiye anayeshika usukani wa habari, hata kama hakusema neno.

Tangu siku ile tumejifunza mambo haya, na tunawaomba myachukue:

1. Kikundi kilipe nauli. Wekeni kitu kidogo kila mkutano, kiandikwe katika daftari la mweka hazina. Mwandishi asipokee nauli, chakula wala lifti kutoka kwa mtu anayeandikwa.

2. Apige simu mara mbili: jana yake, na asubuhi kabla ya kupanda gari. Ahakikishe na saa pia. Kumi ya Kizungu ni saa nne yetu, na wako waliofika jioni kwa kosa hilo.

3. Safari moja, kazi nyingi. Akienda Kajiado, apange kuwaona watu wawili au watatu, ili mmoja akikosekana asirudi mikono mitupu.

4. Aangalie majira. Mvua ikinyesha, udongo wetu mweusi hukamata hata bodaboda. Kiangazi nacho huhamisha watu: katika ukame wa 2022 wafugaji wengi walikuwa mbali na maboma wakifuata malisho. Aulize kwanza kwa chifu au kwa jirani. Akifika bomani, asalimie wazee na kueleza shida yake kabla ya kutoa daftari.

5. Wasichana wasitumwe peke yao mahali pa mbali. Waende wawili, na kikundi kijue watarudi saa ngapi.

6. Mlango ukifungwa, aandike barua. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Abaki na nakala iliyopigwa muhuri. Barua moja yaweza kuokoa nauli tatu. Na haki hii si ya mwandishi peke yake, hata wewe mama wa kikundi unayo.

Ndugu zetu, tangu 2013 makao ya serikali ya kaunti yako mjini Kajiado, na mengi yanayotuhusu huamuliwa huko. Tusipokuwa na mtu wa kwenda kuuliza na kurudi kutueleza, tutaendelea kusikia mambo yetu yakiwa yamekwisha kuamuliwa. Yule msichana bado anaandika. Ilimchukua muda mrefu akina mama wale kumkaribisha tena, na siku waliyomkaribisha alikuja kwa matatu, kwa nauli ya kikundi.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
– Mwandishi wetu alilipiwa nauli na nani mara ya mwisho?
– Tunaweza kutenga kiasi gani kila mwezi?
– Ni ofisi gani tungependa kuiandikia barua, na tuulize nini?

Mungu awabariki, na awafikishe salama.