Imani na Uamuzi wa Kuzaa Nyakati za Dhiki

Waheshimiwa wachungaji, masheikh na ndugu washauri wa ndoa,

Wanandoa vijana wakitwambia, "Tumeona tungoje kwanza hali itulie," wengi wetu huwajibu upesi kwamba kila mtoto huja na riziki yake, na kwamba kusita ni upungufu wa imani. Nasimama hapa kulipinga jibu hilo.

Tumwangalie Yeremia. Katika sura ya 16 anakatazwa kuoa na kupata watoto, kwa kuwa watakaozaliwa mahali pale wataangamia kwa upanga na njaa. Katika sura ya 29 nabii huyohuyo anawaandikia mateka waliokwisha kufika Babeli kwamba wajenge, walime, waoe na wazae. Yerusalemu ilikuwa inaelekea kuzingirwa. Babeli, pamoja na uchungu wote wa uhamisho, palikuwa na ardhi ya kupanda na miaka 70 ya kuishi. Amri ilifuata hali ya watu.

Kisha ije sura ya 32, ambayo husomwa mara chache kwenye mafundisho ya ndoa. Jeshi la Nebukadreza limeuzunguka mji, nabii amefungwa katika uwanda wa walinzi, naye ananunua shamba la Hanameli, mwana wa ami yake, huko Anathothi. Anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, anatia muhuri, anamwagiza mwandishi wake Baruku aziweke hati ndani ya chombo cha udongo ili zidumu. Hana mtoto wa kumrithisha. Watakaolima ni watoto wa wengine. Nani atathubutu kusema mtu huyu alipungukiwa na imani?

Kwa upande wa Uislamu, aya ya 31 ya Suratul Israa inakataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara. Si haki kuigeuza fimbo ya kumchapia anayepanga uzazi. Jabir bin Abdillah amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba masahaba walifanya azl, yaani kumwaga manii nje ili kuzuia mimba, wakati Kurani ikiteremka. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiruhusu hata kwa anayehofia uzito wa kulea wengi, ingawa aliona kutawakali ni bora. Na kwa Wakatoliki, Papa Paulo VI, katika waraka wake Humanae Vitae ya 1968, alikubali kuahirisha uzazi kwa sababu nzito, mradi njia iwe ya asili.

Wala wanaozaa wasisutwe. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo. Wapo waliozaliwa humo ambao leo ni wazazi. Wangengoja amani hadi lini? Barua ya Babeli ni yao.

Naiomba semina hii iazimie kwamba hatutapima imani ya mtu kwa idadi ya watoto wake. Na usharika au msikiti unaohimiza waumini kuzaa uwe na mfuko wa maziwa, kliniki na sare za shule za watoto hao. Usipokuwa nao, unyamaze.